Wasomaji Wanauliza: Likizo katika Milima ya Uswisi

Katika toleo lililopita tulichapisha picha moja ya bonde la Lauterbrunnen nchini Uswisi, lile lenye kuta za mawe pande zote mbili na maporomoko ya maji yanayoanguka nyuma ya nyumba za watu, na barua zilizokuja baada ya hapo zimekuwa nyingi kuliko tulivyozoea. Nimechagua tano. Zilizobaki ziliuliza mambo yale yale, kwa hiyo naamini walioziandika watapata majibu yao humu.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi na mume wangu tumeweka akiba kwa miaka mitatu ili tuwapeleke watoto wetu, wa miaka 8 na 13, Uswisi mwezi wa Julai. Tutalala huko siku nane. Wakala wa safari ametuandalia ratiba hii: Zürich siku moja, Lucerne moja, Interlaken mbili, Zermatt moja, St. Moritz moja na Geneva mbili. Anasema tusipoona kila kitu tutajuta. Je, ratiba inafaa, na tunaweza kupunguza gharama wapi? — Mama wa wawili, Arusha

JIBU: Dada yangu, nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate: ratiba hiyo mrudishieni. Kulala katika miji sita kwa siku nane ni kufunga na kufungua mizigo kila uchao, na kwa kuwa hoteli nyingi hazitoi vyumba kabla ya alasiri, mtajikuta mkizunguka stesheni na masanduku huku watoto wakiuliza watakula saa ngapi. Safari ya Zermatt hadi St. Moritz peke yake, kwa treni maarufu ya Glacier Express, huchukua muda wa takribani saa nane. Ni safari ya kupendeza, na mtu mzima mwenye subira ataifurahia mwanzo hadi mwisho, lakini mtoto wa miaka minane atachoka kukaa muda mrefu kabla ya kufika, na hatakuwa na kosa.

Sababu kubwa zaidi, ambayo wakala hakuitaja, ni mawingu. Julai ni kiangazi katika milima ya Alpi, lakini ni kiangazi chenye ngurumo na mvua za alasiri, na kilele kinaweza kufunikwa siku mbili mfululizo wakati bondeni watu wanaota jua. Nilijifunza hilo kwa fedha yangu. Safari yangu ya kwanza nililala Interlaken siku mbili tu, na tiketi ya kupanda Jungfraujoch, stesheni ya treni iliyo juu kabisa mlimani, nilikuwa nimeilipia miezi miwili kabla, kwa tarehe ile ile. Asubuhi, kwenye chumba cha kunywea chai cha nyumba ya wageni, palikuwa na televisheni inayoonyesha picha za moja kwa moja kutoka kwenye kamera zilizowekwa vileleni, kama ilivyo kawaida ya sehemu nyingi za huko. Kamera ya Jungfraujoch ilionyesha weupe mtupu, kama shuka iliyoanikwa mbele ya dirisha. Mama mwenye nyumba aliinyooshea kidole, akanitazama, akatikisa kichwa. Nilikwenda hata hivyo, kwa sababu fedha ilikwisha kutoka. Nilipofika juu nilishika chuma cha baraza la kutazamia, kikiwa kimegandiwa na barafu, na ng'ambo ya chuma hicho hapakuwa na kitu. Kesho yake, nikiwa ndani ya treni ya kurudi Zürich, niligeuka nikaiona milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau, yote mitatu, imesimama wazi chini ya jua.

Kwa hiyo chagueni mahali pawili tu, na siku ya kupanda juu msiilipie mpaka muione anga ya asubuhi hiyo. Treni za kawaida za Uswisi hazihitaji kuwekewa nafasi. Tiketi ya bei kamili hununuliwa siku ile ile, na katika njia nyingi za milimani mtapata nafasi, hasa mkiondoka mapema. Bei ya kununua mapema inaweza kuwa nafuu kidogo, lakini nafuu hiyo haina thamani ikiwa mtafika juu na kutazama ukungu.

Ningewapangia hivi. Mkitua Zürich, shukeni moja kwa moja kwenye stesheni iliyo chini ya uwanja wa ndege, mpande treni hadi Lucerne, safari ya kama saa moja na ushei. Laleni hapo siku tatu. Watoto watalipenda lile daraja la zamani la mbao linalovuka mto, Kapellbrücke, lililojengwa karne ya 14. Mwezi Agosti 1993 sehemu yake kubwa iliungua usiku mmoja, likajengwa upya, na baadhi ya michoro iliyoungua bado imetundikwa chini ya paa ikiwa myeusi. Kutoka gatini hapo hapo mnapanda meli ya ziwani hadi Vitznau, na Vitznau ndipo inapoanzia reli ya kupanda mlima Rigi, iliyofunguliwa mwaka 1871 ikiwa ya kwanza ya aina yake barani Ulaya. Katikati ya reli mbili za kawaida kuna reli ya tatu yenye meno, na gurudumu lenye meno chini ya behewa hukamata meno hayo, ndiyo maana treni haitelezi. Mwambieni kijana wenu wa miaka 13 ainame atazame kabla ya kupanda.

Siku ya nne chukueni treni ya kutoka Lucerne hadi Interlaken inayopitia Brünig, muda usiofika saa mbili, mkiacha ziwa moja nyuma na kukuta jingine mbele, kisha muunganishe hadi Lauterbrunnen. Huko laleni siku tano zilizobaki, ama bondeni penyewe, ama Wengen, kijiji kilicho juu ya ukuta wa bonde ambako magari ya kawaida hayafiki na kila mtu hupanda kwa treni ya meno. Maporomoko ya Staubbach huanguka karibu meta 300 kando ya kijiji cha Lauterbrunnen, na upepo ukivuma maji hayafiki chini yakiwa maji. Hufika yakiwa vumbi la unyevu usoni pako. Mbele kidogo kuna Trümmelbach, ambako maji ya theluji inayoyeyuka kutoka ile milima mitatu yamejichimbia njia ndani ya jabali, nanyi mnapanda kwa lifti ndani ya mwamba kuyasikia yakinguruma gizani. Hapo ni pazuri hata siku ya mvua, na hii ndiyo faida ya kukaa siku tano: kila hali ya hewa ina kazi yake. Mvua ikishika siku nzima, shukeni hadi Brienz kwenye makumbusho ya wazi ya Ballenberg, yenye nyumba za kale zaidi ya mia moja zilizohamishwa kutoka pande zote za nchi, na mafundi wanaofanya kazi mbele ya macho yenu.

Jambo moja ambalo ratiba za mawakala hazilipi uzito ni kutembea kwa miguu, na halina malipo. Kila njia ina kibao cha manjano, na kibao hicho hakiandiki kilometa, huandika muda: hadi mahali fulani, saa moja na dakika ishirini. Alama ya manjano peke yake ni njia ambayo mtoto wenu mdogo ataiweza. Nyeupe na nyekundu ni njia ya mlimani inayotaka viatu vizuri na mtu asiyeogopa kingo. Nyeupe na buluu ni ya wazoefu, msiifuate. Njia ya kutoka Männlichen hadi Kleine Scheidegg ni kama saa moja na nusu, inateremka polepole, na ukuta wa Eiger uko mbele yenu njia nzima. Ng'ombe watakuwa malishoni pembeni, kila mmoja na kengele yake shingoni.

Sasa gharama. Uswisi ni nchi ghali na sitaki kuwadanganya, ila kuna sehemu tatu ambazo fedha huvuja bila sababu. Ya kwanza ni nauli. Kuna pasi inayoitwa Swiss Travel Pass, ya siku 3, 4, 6, 8 au 15 mfululizo, inayogharamia treni, mabasi na meli karibu nchi nzima pamoja na Rigi yote. Kuna pia kadi ya nusu nauli, ya mwezi mzima, ambayo bei yake ni ndogo zaidi na hukata nusu ya karibu kila tiketi, ikiwemo ya Jungfraujoch, ambako ile pasi hupunguza robo tu. Anayehama kila siku hufaidika na pasi. Mtakaokaa mahali pawili, kama ninavyowashauri, mara nyingi mtafaidika na kadi. Chukueni karatasi, andikeni safari zote, tazameni bei ya kila moja kwenye tovuti ya reli, mjumlishe kwa njia zote mbili. Kwa vyovyote, ombeni kadi ya familia inayotolewa bure pamoja navyo, kwa sababu watoto wa miaka 6 hadi 15 wakiwa na mzazi husafiri bila kulipa. Hapo nusu ya familia yenu imeshapata nauli.

Ya pili ni chakula. Badala ya vyumba viwili vya hoteli, tafuteni nyumba ndogo yenye jiko. Supamaketi za Migros na Coop zipo hadi vijijini, na sehemu nyingi zina migahawa ya kujihudumia ambayo bei zake zinastahimilika. Kumbukeni tu kwamba Jumapili maduka mengi hufungwa, isipokuwa yale ya stesheni kubwa, kwa hiyo nunueni Jumamosi. Ya tatu ni maji ya chupa: msinunue hata moja. Maji ya bomba yanatoka milimani na ni salama, na karibu kila kijiji kina birika la mawe au la gogo lenye maji yanayotiririka mchana kutwa. Kinga chupa hapo, isipokuwa palipoandikwa "Kein Trinkwasser" au "Eau non potable", maana yake hayanyweki.

SWALI: Dada yangu anaishi Lausanne na amenialika Septemba kwa wiki tatu. Wakala ameniambia ninunue kwanza tiketi ya ndege ili viza itoke haraka. Je, ni kweli? Na kwa kuwa Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, viza yake itaniruhusu kuvuka hadi Ufaransa? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Si kweli, na tafadhali usinunue. Kinachotakiwa kwenye maombi ni uthibitisho kwamba umeweka nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi, si tiketi iliyolipiwa ambayo hairudishiki. Tiketi haiharakishi viza, na viza ikikataliwa hasara ni yako, si ya wakala.

Uswisi kweli haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini tangu Desemba 2008 imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo unachoomba ni viza ya Schengen ya muda mfupi, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Ukiwa nayo unaweza kupanda meli Lausanne, ukavuka ziwa hadi Évian upande wa Ufaransa, ukanywa kahawa na kurudi jioni, wala hujahesabiwa kuwa umetoka. Ukivuka kwenda Uingereza ndipo umetoka, na viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha kazi. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa zaidi, na kwako hiyo ni Uswisi.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Kisheria jibu hutolewa ndani ya siku 15, lakini wanaweza kuongeza hadi 45, na nafasi za miadi hujaa kabla ya kiangazi. Kwa safari ya Septemba, mimi ningeomba Juni. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na hairudishwi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kutumika miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000 na ifanye kazi katika nchi zote za Schengen. Kwa kuwa unakwenda kwenye milima, soma masharti uone kama inagharamia uokoaji wa mlimani, kwa sababu huko majeruhi mara nyingi huchukuliwa kwa helikopta.

Maombi mengi hukwama kwenye swali moja ambalo halimo kwenye fomu: je, huyu mtu ana sababu ya kurudi kwao? Hilo hulijibu kwa barua ya mwajiri inayotaja siku za likizo na siku ya kurudi kazini, au leseni ya biashara na karatasi za kodi kama umejiajiri, na taarifa ya benki ya miezi mitatu inayoonyesha fedha ikiingia na kutoka kwa utaratibu wa kawaida. Kiasi kikubwa kilichowekwa wiki moja kabla ya maombi huzua maswali badala ya kuyamaliza. Dada yako aandike barua ya mwaliko yenye anwani, tarehe na uhusiano wenu, aambatanishe nakala ya kibali chake cha ukaazi. Ubalozi ukiona fedha zako hazitoshi, unaweza kumtaka asaini hati ya udhamini ya hadi faranga 30,000, inayopitia ofisi za serikali za mahali anapoishi, na hilo huchukua wiki kadhaa. Mwambie mapema ili asishtuke.

Septemba umeichagua vizuri. Mashamba ya mizabibu ya Lavaux, yaliyopangwa kwa ngazi za mawe juu ya ziwa, yako dakika chache tu kutoka kwa dada yako, na ndio mwezi ambao wafugaji huwateremsha ng'ombe kutoka malisho ya juu wakiwa wamevishwa maua vichwani.

SWALI: Nina miaka 68, nimestaafu ualimu, na maisha yangu yote nimeamka nikiitazama Kibo. Nina shinikizo la damu, ila dawa zinalituliza. Mwanangu aliye Ujerumani atanipeleka Uswisi mwezi Juni na anataka tupande Jungfraujoch kwa treni. Jirani yangu anasema huko ni kujitafutia maradhi. Nami najiuliza, mtu wa Kilimanjaro ana haja gani ya kulipa akatazame theluji ya watu? — Mwalimu, Moshi

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Jirani yako hakukosea kuwa na wasiwasi, na nitaueleza kwa mlima unaoujua. Stesheni ya Jungfraujoch iko meta 3,454 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya kibanda cha Horombo kilichoko meta 3,720. Anayekwenda Horombo hufika siku ya pili, kwa miguu, akiwa amelala Mandara, na mwili umepata usiku mzima wa kuzoea. Treni itakutoa Interlaken, kwenye meta zisizofika 570, ikufikishe juu kwa muda wa saa mbili hivi. Mwili haujaarifiwa. Watu wengi wazima hawapati zaidi ya kuhema na kichwa kizito kidogo, lakini kwa mwenye shinikizo la damu mwenye kauli ni daktari wako, na umwendee kabla mwanao hajalipa, ukimtajia urefu huo kwa namba.

Akikuruhusu, kuna mambo ya kushika. Lala kwanza siku mbili tatu bondeni au Wengen. Ukifika juu tembea kama mtu anayesindikiza maiti, usipande ngazi zilizo na njia ya lifti, kunywa maji, na usikae zaidi ya saa mbili. Kichwa kikianza kugonga au tumbo kuchafuka, usingoje kuona kama kutatulia. Panda treni inayofuata kushuka, maana dawa ya kimo ni kushuka.

Akikukataza, usihuzunike. Kutoka Wilderswil, karibu na Interlaken, kuna treni ndogo yenye mabehewa ya mbao inayopanda tangu mwaka 1893 hadi Schynige Platte, meta 1,967 tu, takriban kimo cha lango la Marangu. Huendeshwa kipindi cha kiangazi pekee, kwa hiyo mwanao ahakikishe imefunguliwa kwa tarehe zenu. Huko juu kuna bustani ya maua ya milimani, na ile milima mitatu inakaa mbele yako yote, kuanzia Eiger yenye meta 3,967 hadi Jungfrau yenye 4,158. Mimi binafsi, nikipewa siku moja tu, ningeichagua hiyo kuliko Jungfraujoch: ukiwa juu kabisa umesimama ndani ya mlima, na mlima huonekana vizuri ukiwa umekaa mbali nao kidogo. Wewe uliyeitazama Kibo kutoka Moshi unalijua hilo kuliko mimi.

Swali lako la mwisho nimelifikiria sana. Reli ya Jungfraujoch ilianza kujengwa mwaka 1896 kwa wazo la Adolf Guyer-Zeller, mfanyabiashara wa Zürich, ambaye alifariki mwaka 1899 kazi ikiwa haijafika mbali. Mafundi walitoboa zaidi ya kilometa saba za jabali ndani ya Eiger na Mönch, na stesheni ya juu ikafunguliwa tarehe 1 Agosti 1912. Mwaka huo huo wa 1912 ndio barafu ya Kilimanjaro ilipimwa na kuchorwa kwenye ramani, na ramani hiyo ndiyo wanasayansi waliyoitumia baadaye kulinganisha: kati ya 1912 na 2007, takribani asilimia 85 ya eneo la barafu ya Kilimanjaro ilitoweka. Kutoka kwenye baraza la Jungfraujoch utauona mto wa barafu wa Aletsch ukiteremka, mrefu kuliko yote ya Alpi, zaidi ya kilometa 20. Nao unapungua. Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, Uswisi ilipoteza asilimia 10 ya ujazo wa barafu yake yote. Kingo za mabonde zina mstari ambao chini yake mawe ni ya rangi mpya, yaliyofichuka juzijuzi, na watalii wengi huupita bila kuuona. Wewe umeuona mstari huo ukisogea juu kwenye Kibo kwa miaka sitini. Nadhani wenyeji wa kule watapenda kuongea nawe, na mwanao akutafsirie.

SWALI: Tunafunga ndoa Novemba 22 na tunataka fungate ya theluji wiki inayofuata: Glacier Express, kijiji cha mlimani, mahali pa moto. Tuanze kupanga wapi? — Wachumba, Nairobi

JIBU: Hongereni. Anzeni kwa kubadilisha tarehe ya fungate. Wiki za mwisho za Novemba ni kipindi ambacho milima inapumzika: Glacier Express husimama kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Desemba, vigari vingi vinavyoning'inia kwenye waya hufungwa kwa matengenezo, na katika vijiji hoteli nyingi huwa zimefungwa hadi msimu wa theluji uanze. Miji ya chini, kama Zürich na Bern, hukaa chini ya ukungu wa kijivu siku nyingi, na theluji haina uhakika. Mkisogeza hadi katikati ya Januari, baada ya bei za Krismasi na mwaka mpya kushuka, kijiji kama Wengen au Mürren kitakuwa cheupe kweli.

Ikiwa likizo haisogezeki, basi nendeni Chur, mpande reli ya Bernina hadi Tirano, Italia, ambayo hutembea mwaka mzima na tangu 2008 imo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Inavuka mlima kwenye kimo cha meta 2,253 bila reli ya meno, na huko Brusio inazunguka duara zima kwenye daraja la mawe ili ipunguze kimo. Treni ya watalii yenye madirisha makubwa inalazimu kuwekewa nafasi na kulipia zaidi. Treni ya kawaida ya wakazi, ambayo mtabadilishia njiani, inapita kwenye reli zile zile, na baadhi ya mabehewa yake madirisha hufunguka. Mimi hupanda hiyo. Mkitoka hapo malizieni Montreux, kwenye soko la Krismasi la kando ya ziwa.

Makoti na buti msinunue Uswisi. Pitieni masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi asubuhi mzigo unapofunguliwa, mtafute koti lisilopenya maji na sweta za sufu halisi, na mvae nguo nyembamba kadhaa badala ya moja nene. Bebeni adapta, kwa sababu plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwenye soketi zao. Na kumbukeni kwamba wakati huo wako nyuma yetu kwa saa mbili, na ratiba zao huhesabu saa 24: treni iliyoandikwa 15:03 huondoka saa tisa na dakika tatu alasiri, na ya nne haikusubiri.

SWALI: Assalaam aleikum. Tunakwenda Juni, mimi, mke wangu na mama mzazi. Tutaswali vipi, na tutakula nini milimani? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku na alfajiri huingia mapema mno, hivyo usiku wenu wa kulala utakuwa mfupi sana. Pangeni usingizi wa mchana, hasa kwa mama, na muulizeni shekhe wenu kabla ya safari kuhusu Isha na ruhusa ya msafiri. Kibla ni kusini-mashariki. Geneva kuna msikiti mkubwa, ule wa Petit-Saconnex, uliofunguliwa mwaka 1978. Vijijini hamtapata, ila nje pamejaa nyasi safi na maji ya kutawadhia.

Kuhusu nyama, sheria ya Uswisi tangu 1893 imekataza kuchinja mnyama bila kwanza kumzimisha fahamu, kwa hiyo nyama ya halali ya ng'ombe na kondoo huagizwa kutoka nje na hupatikana katika miji mikubwa, si vijijini. Milimani kuleni samaki wa ziwani, mayai, viazi na jibini. Nguruwe huandikwa Schwein kwa Kijerumani na porc kwa Kifaransa, lakini pia hujificha katika maneno Speck, Schinken na jambon, na viazi vya kukaanga viitwavyo rösti mara nyingi huchanganywa na Speck, kwa hiyo ulizeni kabla. Fondue, ile sufuria ya jibini ambayo kila mtu atawasifia, hupikwa kwa mvinyo mweupe. Agizeni raclette badala yake: jibini huyeyushwa kwa moto tu, hukwanguliwa juu ya viazi vya moto vilivyochemshwa na maganda yake, na huliwa na vitunguu vidogo vya achari. Mwambieni mhudumu asiweke sahani ya nyama kavu pembeni.